Chumvi: Ifanywavyo na Tabia Zake

Chumvi tulayo ni mwungano wa sodiamu, madini laini iwezayo kuwaka majini, na klorini, hewa ya sumu. Vikiungana, sumu hutoweka.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali. Huko Bagamoyo maji huingizwa katika mashamba ya chumvi, yakakaushwa na jua. Yakibaki kama sehemu ya kumi, chembe nyeupe, zenye pande sita kama dadu, huanza kutuama.

Hapa tujihadhari na tamaa. Tukingoja maji yote yakauke, twapata pia chumvi ya magnesi, ambayo ni chungu na huvuta unyevu wa hewa. Masika gunia litalowa, na mnunuzi atalikataa.

Basi tuyamwage maji machungu ya mwisho, tuioshe chumvi kwa maji ya chumvi safi yaliyokolea. Tusitumie maji matamu, maana gramu 100 zake huyeyusha gramu 36 za chumvi. Kisha tuianike, na kabla ya kuuzwa itiwe iodini, kinga ya rovu.

Afadhali magunia machache makavu kuliko mengi yavujayo.