Injini ya Dizeli Inayozimika Gari Likisimama: Namna ya Kutafuta Chanzo

Sisi tunaoongoza magari katika makutano ya Rohero tumezoea kuona hali moja ambayo madereva wengi huihesabu kuwa aibu tu, wala si hatari. Hiace au Hilux ya dizeli inateremka Boulevard de l'Uprona kuelekea katikati ya mji. Inafika mahali pa kusimama, dereva anaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, injini inatetemeka mara mbili tatu, kisha inazimika. Honi zinaanza nyuma yake. Akiwasha, inawaka bila taabu. Akikanyaga mafuta, inakwenda kama iliyo nzima. Akisimama tena, inazimika tena. Makala haya yanahusu ugonjwa huo: namna ya kuufuatilia mpaka kwenye asili yake, kabla mwenye gari hajauziwa pampu asiyoihitaji.

Tuanze na sababu inayotufanya sisi polisi tulishughulikie jambo la gereji. Kanyagio la breki la gari la kisasa husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa. Injini ya petroli hupata mvuto huo katika njia yake yenyewe ya kuvutia hewa. Ya dizeli huutegemea pampu ndogo inayozungushwa na injini, ambayo katika Toyota nyingi za zamani imefungwa nyuma ya altaneta. Injini ikizimika, pampu hiyo nayo husimama, na akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara moja, mbili, labda tatu. Baada ya hapo kanyagio huwa gumu kama jiwe, na sukani nayo huwa nzito. Rohero imelala kwenye mteremko: juu yake iko Kiriri, chini yake mitaa ya maduka na watu waendao kwa miguu. Dereva ambaye injini imemzimikia huku gari likiteremka na akane breki isipumuepumue: akanyage mara moja kwa nguvu, asiachie, avute breki ya mkono, wala asirudishe ufunguo hadi mwisho, maana sukani inaweza kujifunga.

Sasa injini yenyewe. Dizeli, au mazuti kama wengi wetu tunavyoiita hapa Bujumbura, haiwashwi kwa cheche. Pistoni huigandamiza hewa hadi ikawa ya moto mno, kisha nozeli hunyunyiza mafuta ndani yake nayo hujiwakia. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, hali ambayo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita ralanti, magari mengi ya dizeli huzunguka kati ya mara 650 na 800 kwa dakika. Tuchukue injini ya silinda nne inayozunguka mara 700: kila silinda hupigwa mafuta mara 350 kwa dakika, yaani mipigo 1,400 kwa zote nne. Kila mpigo ni kidogo kuliko tone moja la maji. Katika kipimo chembamba namna hiyo, kiputo kidogo cha hewa ni msiba. Gari likienda kasi, mafuta mengi hupita na kukisukuma kiputo hicho. Likisimama, hakuna cha kukisukuma.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, tunamshauri mwenye gari ajiulize jinsi injini inavyokufa. Ikiwa inazimika ghafla, kana kwamba mtu ameuzungusha ufunguo, bila kutetemeka wala kuyumba, shuku umeme. Pampu za zamani zina kifaa kidogo chenye waya mmoja kinachofungua njia ya mafuta ufunguo unapowashwa. Waya huo ukilegea au kuota kutu, mtikisiko mdogo hukata umeme na injini hunyamaza papo hapo. Fundi mwaminifu huugundua kwa dakika chache na kuukaza kwa bei ya soda. Lakini ikiwa injini inahema, inapanda na kushuka, inatikisa gari zima ndipo izimike, basi inakosa mafuta au inakosa hewa safi.

Swali la pili ni hali ya gari mlimani. Barabara ya taifa namba 1 hutoka hapa ziwani, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Gari linalopoteza nguvu katika mwinuko ule lakini likisimama linanguruma vizuri, mara nyingi lina chujio la dizeli lililoziba. Lile linalopanda Bugarama bila kulalamika, kisha likazimikia mbele ya kanisa kuu la Regina Mundi, lina ugonjwa mwingine, na kubadilisha chujio pekee huenda kusilisaidie. Hata hivyo tumeona chujio likibadilishwa mara tatu kwa gari la namna hiyo, kwa sababu tu ndicho kitu rahisi kufikiwa na mkono.

Mtuhumiwa wa kwanza katika hali hiyo ni hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta. Kati ya tangi na pampu, mafuta huvutwa, hayasukumwi; mpira uliopasuka hapo si lazima uvujishe dizeli nje, huweza kuvuta hewa ndani, na chini ya gari kukabaki kukavu kabisa. Ndiyo maana macho hayatoshi. Dalili zake ni injini kuwa ngumu kuwaka asubuhi, hasa gari likilala limeinua pua, kwa kuwa mafuta hurudi tangini usiku. Fundi afunge kipande cha mpira unaopenya nuru kati ya chujio na pampu, awashe injini na kutazama: viputo vikipita mfululizo, hewa imepatikana. Atafute kwenye vibano vya mipira, kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, ambayo utando wake hupasuka kwa uzee, na kwenye vijipira vya kurudishia mafuta vilivyo juu ya nozeli.

Kwa injini zenye pampu ya zamani, kama za Toyota 2L, 3L na 5L, kuna jaribio ambalo sisi tunalipenda kuliko yote, kwa kuwa halihitaji mashine. Fundi huchukua chombo safi chenye dizeli safi, hukiweka juu kuliko pampu, na kuunganisha mpira kutoka kwenye chombo hicho moja kwa moja hadi kwenye pampu. Tangi, mabomba na chujio vyote vimeachwa nje. Injini ikinguruma dakika 20 bila kuzimika, pampu haina hatia. Ugonjwa uko nyuma yake. Ikizimika vilevile, hapo ndipo pampu, nozeli na njia ya hewa vinapochunguzwa. Jaribio hili lifanyiwe nje, mbali na moto na sigara.

Maji ni jambo la pili, na hapa lazima tuseme wazi. Katika miaka ya uhaba wa mafuta, wengi walinunua dizeli ya bidoni kando ya barabara. Bidoni ile jana ilibeba maji au mawese, leo inabeba dizeli, na haikuoshwa. Mengine huchanganywa mafuta ya taa, nayo huondoa ulaini ambao pampu huutegemea, kwa sababu pampu hulainishwa na dizeli yenyewe wala haina oili yake. Mafuta ya magendo yana hatari ya moto nyumbani pia, lakini hilo tutaliandikia peke yake. Kupima maji ni rahisi: legeza koki iliyo chini ya chujio, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mstari utaonekana. Yakiwa mengi, tangi lote limwagwe na kuoshwa. Kumwaga chujio peke yake ni kuahirisha.

Hewa ya kupumua nayo isisahauliwe. Magari mengi ya baada ya miaka ya 1990 yana vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza uchafu wa hewa. Masizi huikwamisha ikiwa wazi. Injini inayonguruma polepole hujikuta inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa. Moshi mweusi pamoja na kuzimika humwelekeza fundi huko.

Magari mapya zaidi, yanayoongozwa na kompyuta, yana habari nyingine. Mafuta yake hukaa kwenye bomba la pamoja kwa mgandamizo unaozidi ule wa tairi mara mia kadhaa. Kamwe mtu asilegeze nati za mabomba hayo injini ikiwaka: mchirizi wake hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumpotezea mtu mkono. Katika injini hizi, kama 1KD na 2KD za Toyota, kuna vali ndogo kwenye pampu inayopima kiasi cha mafuta yanayoingia. Ikichakaa, injini huyumba na kuzimika hasa gari linaposimama. Vali hiyo hubadilishwa peke yake. Kompyuta isomwe kwanza, na anayetaka kuuza pampu nzima aeleze kwa nini vali haitoshi.

Tunabakiwa na dawa ya uongo, nayo ndiyo inayotukera zaidi. Kwenye pampu ya zamani kuna skrubu ya kupandisha mngurumo. Fundi mvivu huikaza mpaka injini inazunguka mara 1,100 au 1,200, gari halizimiki tena, fedha zinalipwa. Ugonjwa umefunikwa, haujatibiwa. Kama gari ni la gia za kujibadilisha, sasa linasukuma mbele hata dereva akiwa amesimama, na mguu ukiteleza kwenye breki mbele ya kivuko cha watoto wa shule, linaondoka. Skrubu hiyo huguswa mwisho, baada ya chanzo kupatikana.

Wenye magari na mafundi wanapogombana, mara nyingi hatuna la kushika: hakuna karatasi. Mwenye gari aombe risiti inayotaja kipande kilichobadilishwa, na akabidhiwe kipande cha zamani. Fundi naye aandike alichokuta kwenye jaribio la chombo cha dizeli, kwa mstari mmoja, na tarehe.