Mkanda wa jeshi: kirusi hutokaje ndani ya seli?

SWALI: Dada yangu wa Kibondo, mwenye miaka 34, alipata mkanda wa jeshi mwezi uliopita. Sasa mwanangu aliyekuwa akikaa naye ana tetekuwanga. Majirani wanasema tumerogwa. Je, kuna uhusiano? — Msomaji, Kasulu

JIBU: Upo, na hakuna uchawi. Kirusi ni kilekile, cha jamii ya herpesi. Dada yako alipougua tetekuwanga, pengine utotoni, kilibaki kimelala kwenye neva.

Kikiamka, hunakili DNA yake ndani ya kiini cha seli, na kila nakala hupakiwa kwenye ganda la protini. Hapo ndipo penye kazi: ganda hilo, lenye upana wa nanomita 125 hivi, ni kubwa mno kupita kwenye matundu ya kiini. Basi hujivika utando wa ndani wa kiini, kisha huuvua linapovuka utando wa nje. Likishaingia kwenye saitoplazimu huvaa protini nyingine na utando mpya, safari hii wa kudumu. Kifuko kidogo hulibeba hadi ukingoni mwa seli na kulimwaga nje. Malengelenge hujaa maji yenye virusi. Mtoto asiye na kinga akiyagusa, hupata tetekuwanga, si mkanda.

Dawa ya asikloviri huzuia kunakili DNA, haizibi njia ya kutokea. Ndiyo maana huanzwa mapema, ndani ya saa 72 tangu vipele vya mkanda vitokee.

Mtoto asikaribie wajawazito wala vichanga hadi vipele vyote vikauke. Dada naye apime VVU, kwani mkanda katika umri wake huweza kuwa dalili ya kinga kushuka.