Dondoo muhimu: Mtoto anapotolewa damu

Usimwambie “haiumi”. Itauma, na safari ijayo hatakuamini. Mwambie, “Utasikia kama unafinywa, halafu basi.” Anayenyonya apewe ziwa dakika chache kabla ya sindano, aendelee hadi pamba ibandikwe; maziwa, joto la mama na kule kunyonya kwenyewe hupunguza maumivu kweli. Aliyekua kidogo asilazwe chali na kukandamizwa mikono na miguu. Hilo humtisha kuliko sindano! Mpakate kifua kwa kifua, mkono mmoja ubaki huru kwa mtu wa maabara, huku mtoto akipuliza mapovu ya sabuni. Anywe maji kabla, mshipa uonekane upesi, isipokuwa kama kipimo kinadai afunge. Ulizia pia dawa ya ganzi ya kupaka. Hupakwa mapema, mara nyingi saa nzima kabla.