Jinsi ya Kukagua Fomu 34A ya Kituo Chako

Matokeo ya urais nchini Kenya huanzia kituoni. Kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala, msimamizi wa kituo huyajaza katika Fomu 34A. Katika uchaguzi wa 2022 vituo vilikuwa 46,229, kila kimoja na fomu yake.

Kutoka hapo, fomu za vituo vyote vya eneo bunge hujumlishwa katika Fomu 34B. Hizo 34B za maeneo bunge 290, pamoja na ya Wakenya walio ng'ambo, ndizo hujumlishwa katika Fomu 34C, na mshindi hutangazwa. Kosa likipenya kituoni, litaingia hadi kwenye hesabu ya taifa.

Nakala ya fomu hubandikwa kituoni mahali pa wazi. Mwaka 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliweka pia picha za fomu hizo kwenye tovuti yake. Ukiipata ya kituo chako, ikague hivi:

1. Hakikisha ni yenyewe. Soma jina na nambari ya kituo, wadi, eneo bunge na kaunti. Kituo kimoja mwaka 2022 hakikuzidi wapiga kura 700, hivyo shule moja huweza kuwa na vituo kadhaa.

2. Jumlisha kura za wagombea. Tuseme wamepata 212, 187, 6 na 3. Jumla ni 408, na idadi ya kura halali iliyoandikwa lazima iwe hiyo hiyo.

3. Ongeza kura zilizokataliwa. Zikiwa 5, unapata 413. Idadi hii haiwezi kuzidi ya waliosajiliwa kituoni.

4. Tazama sahihi za msimamizi, naibu wake na mawakala. Wakala akikataa kutia sahihi, sababu huandikwa; kukosekana kwa sahihi yake pekee hakubatilishi matokeo.

5. Tafuta kituo chako kwenye Fomu 34B. Tarakimu ziwe zile zile.

Ukiona tofauti, piga picha fomu nzima, si kipande, kisha andika tarehe na saa. Ripoti kwa afisi ya tume katika eneo bunge lako, na umjulishe wakala au mwangalizi. Usiisambaze WhatsApp kabla ya kuhakikisha hesabu yako. Usikawie pia: kesi ya kupinga matokeo ya urais huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14 tangu kuwasilishwa.

Fomu hizi zina uzito. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na dosari za upeperushaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo usingoje kuhadithiwa. Kura yako ikishahesabiwa, nenda kaisome fomu, ujumlishe mwenyewe.