Niiache Windows 10 kama akiba?

Swali: Nimehamia Windows 11 kwenye kompyuta ya mezani nyumbani, lakini printa yangu ya zamani na programu ya hesabu za duka zinafanya kazi kwenye Windows 10 tu. Je, niibakize pembeni?

Jibu: Ibakize, ila usitegemee folda ya Windows.old inayoachwa baada ya kupandisha toleo. Kwa kawaida hukaa siku 10, kisha hufutwa, na njia ya kurudi hufungwa. Isakinishe Windows 10 upya kwenye diski ya peke yake. SSD ya GB 120 inatosha. Wakati wa kusakinisha, chomoa kabisa diski yenye Windows 11. Usipofanya hivyo, faili za kuwashia mifumo yote miwili zinaweza kujikusanya kwenye diski moja, na hiyo ikifa hakuna mfumo utakaowaka. Ukiirudisha diski ya Windows 11, utaweza kuchagua mfumo unapowasha.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni intaneti. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hujajiunga na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, udhaifu wowote utakaogunduliwa sasa utabaki bila kuzibwa. Kwa hiyo ukiwa humo chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chapa karatasi zako, funga hesabu, basi. Mambo ya benki yafanyie kwenye Windows 11.

Na hizo hesabu za duka zinakili kwenye diski ya nje kila wiki, kwani mfumo wa pili hauzilindi.