SOMO LA UFUNDI: KUWASHA PIKIPIKI YA CHAMA BETRI INAPOKOSA NGUVU

Katika Wilaya za Tarime na Serengeti pikipiki imekuwa ndiyo miguu ya katibu wa chama cha msingi. Ndiyo impelekayo kwa wanachama wa vitongoji vya mbali, ndiyo imfikishayo benki mjini Tarime au Mugumu, na pale chama kilipo na pikipiki ya magurudumu matatu, ndiyo ibebayo mizani, magunia na hata mavuno yenyewe. Kwa hiyo pikipiki ikigoma kuwaka alfajiri, hasara haimwangukii dereva peke yake. Kahawa iliyochumwa ikiwa nyekundu yapasa kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya gunia huanza kuchacha, na ladha ya uchachu haiondoki hata kahawa ioshwe mara ngapi. Mkulima wa Muriba au Nyamwaga aliyekesha akiwaza ada za shule hushushiwa daraja la kahawa yake kwa sababu ya kisanduku kidogo cha risasi na asidi kilicho chini ya kiti cha pikipiki.

Dalili za betri iliyolegea hazihitaji fundi. Kitufe cha stata kikibonyezwa, husikika mlio mdogo wa tak-tak bila injini kuzunguka. Honi hutoa sauti ya kukwama. Taa hufifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Wengi hapo hukata tamaa, nao hukosea. Stata ni mlaji mkubwa wa umeme kuliko kifaa kingine chochote cha pikipiki, kwa maana hulazimika kuisukuma pistoni dhidi ya hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Cheche ya plagi huhitaji umeme mdogo mno ikilinganishwa na hiyo. Betri iliyoshindwa kazi ya stata yaweza bado kuimudu kazi ya cheche, ilimradi nguvu ya kuzungusha injini itoke mahali pengine, yaani mguuni au mabegani mwa watu. Na si jambo la aibu. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme, katika matoleo yake ya mwaka 1912, magari mengi duniani yalikuwa bado yakiwashwa kwa kuzungushwa mtaimbo kwa mkono.

Kabla ya kutoa jasho, yafaa dereva ahakikishe kwamba betri ndiyo mkosaji. Swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani imewalaza njiani watu wengi walioilaani betri bure. Hali kadhalika koki ya petroli iliyofungwa, fyuzi iliyoungua, au nati ya waya wa betri iliyolegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Nati hiyo ikikazwa, mara nyingine ugonjwa wote huisha hapo hapo.

Njia ya kwanza ni kupiga kiki, na ina utaratibu wake. Gia iwekwe huru, ile ambayo madereva huiita nyutro. Katika nyanda za juu za Tarime, ambako asubuhi huwa na baridi, oili huwa nzito na betri yenyewe hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo choki ivutwe ikiwa injini imepoa. Swichi ikiwa bado imezimwa, kiki ikanyagwe polepole mara mbili au tatu ili petroli iingie ndani ya silinda. Kisha swichi ifunguliwe, kiki ishushwe taratibu mpaka mguu uhisi ukinzani. Hapo ndipo pistoni inapokaribia kubana hewa. Iachwe ipande juu, halafu ikanyagwe kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho, kwa uzito wa mwili mzima. Kupiga vipigo vifupi vifupi vya hasira ni kuchosha goti bila faida. Viatu vigumu ni lazima, kwani kiki huweza kurudi ghafla na kuumiza kifundo cha mguu, na kandambili haimkingi mtu. Ikiwa harufu ya petroli imetapakaa na injini haijashika, maana yake imelowa: choki irudishwe, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, kisha kiki ipigwe mara kadhaa mpaka petroli ya ziada itoke.

Hapa inapaswa ieleweke kwamba pikipiki hazilingani. Zipo ambazo cheche yake hutoka moja kwa moja kwenye koili iliyo kando ya sumaku ya injini. Hizo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Zipo nyingine ambazo cheche yake hutegemea umeme wa betri; betri ikikauka kabisa, dereva atapiga kiki mpaka jua lizame. Na zile za kisasa zisizo na kabureta, ambazo petroli yake husukumwa na pampu ya umeme, kwa kawaida huhitaji betri iwe na uhai kidogo. Kipimo chepesi ni taa ya kijani ya nyutro: ikiwaka, japo kwa unyonge, pana tumaini. Isipowaka kabisa, na pikipiki ni ya aina hizo mbili za mwisho, ni heri nguvu zihifadhiwe kwa njia nyingine. Katibu anayenunua pikipiki ya chama yampasa amwulize muuzaji swali hili kabla ya kuulizia rangi.

Kiki ikishindwa, au isipokuwepo, hufuata kusukuma. Mahali pa mteremko kazi hii ni nusu. Swichi hufunguliwa, gia huingizwa ya pili, wala si ya kwanza, kwa sababu gia ya kwanza hulifunga gurudumu la nyuma likaburuzwa tu juu ya changarawe. Klachi ikiwa bado haijashikwa, pikipiki ivutwe nyuma mpaka ikatae; kwa njia hiyo pistoni hupata nafasi ya kuanzia mbio. Kisha klachi ishikwe, pikipiki isukumwe mpaka ifikie mwendo wa mtu anayekimbia, na klachi iachiwe kwa ghafla wakati ule ule dereva anapouangusha uzito wake kitini, ili gurudumu lishike ardhi. Injini ikishika tu, klachi ishikwe tena na mafuta yaongezwe kidogo. Anayechelewa kuishika hujikuta pikipiki inamkimbia.

Kwenye tambarare za Serengeti, ambako mteremko ni wa kutafutwa, wanahitajika wasukumaji wawili. Tena katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, haifai kabisa dereva aliyezimikiwa jioni kuanza kusukuma pikipiki peke yake katika njia ya tembo. Aiache, atafute watu, gunia si roho.

Pikipiki ya magurudumu matatu yataka tahadhari zaidi. Mzigo ushushwe kwanza, wala asiwepo mtu bodini. Isisukumwe kwenye mteremko mkali, kwa kuwa ni nzito, na ikiponyoka haina wa kuizuia. Mtu wa usukani awe ni mtu mzima anayejua breki ilipo, si mtoto wa jirani aliyejitolea. Kuhusu pikipiki kubwa za magurudumu manne, zionekanazo kwa nadra katika mashamba na kambi za utalii, nyingi haziwaki kwa kusukumwa, kwa sababu klachi yake hujiunga yenyewe pale tu injini inapozunguka kwa kasi. Baadhi huwa na kamba ya kuvuta kama ile ya jenereta. Kamba hiyo, iwe ya pikipiki, ya jenereta au ya pampu ya maji, huvutwa polepole mpaka ikaze, ikarudishwa, kisha ikavutwa kwa nguvu na kwa urefu, na kurejeshwa kwa mkono. Ikiachiwa ijirudie yenyewe kwa kishindo, hukatika ndani, na aghalabu siku ya msimu.

Umeme wa kuazima kutoka kwenye gari nao unawezekana, ila gari liwe la volti 12. Malori mengi makubwa yanayobeba mazao yana volti 24, na umeme huo huweza kuunguza vifaa vya pikipiki kwa dakika moja. Injini ya gari izimwe, maana betri yake peke yake inatosha na kusaza. Waya mwekundu uunge chanya kwa chanya. Waya mweusi utoke hasi ya gari, na ncha yake ya mwisho ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo huweza kuipasua na kumwaga asidi usoni. Sigara, bila shaka, zikae mbali. Wapo wanaoiondoa betri mbovu na kuendesha bila betri kabisa: hilo lisifanywe, kwa kuwa katika pikipiki nyingi umeme hupanda ovyo na kuunguza taa na vifaa.

Baada ya injini kuwaka, isizimwe mlangoni pa ofisi dakika tano baadaye. Injini inayonguruma polepole huku taa zinawaka hairudishi chaji ya maana. Yafaa safari ya nusu saa au zaidi. Chama chenye kipima-umeme kidogo kitajua mengi. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa; chini ya 12.0 iko karibu tupu. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, kipimo kipande hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kisipopanda, kosa liko kwenye chaji ya pikipiki, na betri mpya itakufa kama ya zamani. Fedha nyingi za vyama hupotea hapa, kwa kununua betri ya pili na ya tatu ilhali mgonjwa ni mwingine.

Betri ndogo ya pikipiki huchajiwa polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: ya ampea-saa 5 hupewa nusu ampea, usiku mzima. Chaja kubwa ya betri za malori huichemsha. Paneli ya jua iunganishwe kupitia kidhibiti chake, si moja kwa moja. Betri ya kufunguliwa huongezwa maji safi ya betri yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama ya juu. Asidi haiongezwi, ingawa madukani vyote viwili huitwa maji ya betri, jambo linalozaa makosa kila mwaka. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji yenye magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vikapakwa grisi. Pikipiki inayolala baada ya msimu ichajiwe kila mwezi, kwani betri iliyoachwa tupu hujenga ukoko mgumu juu ya bamba zake za risasi, usioondoka tena.

Katika daftari la safari iongezwe safu moja: imewaka kwa stata, kwa kiki, au kwa kusukumwa. Kiki ikiandikwa asubuhi tatu mfululizo, katibu anayo sababu ya kuileta mbele ya Bodi, na mhasibu ana ushahidi wa kuiingiza betri katika makisio kabla ya mavuno kuanza. Betri ya zamani ipelekwe kwa muuzaji anayeipokea. Isipasuliwe na watoto kwa ajili ya risasi yake, wala asidi yake isimwagwe kando ya kisima.