Siha ni Amana: Funzo Kutoka Kitui na Makueni

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Katika miji yetu ya pwani si ajabu tena kusikia kuwa fulani kalala mzima akaamka nusu ya mwili imepooza, au kaanguka sokoni moyo ukasimama. Baadhi yetu husema kapigwa na shetani, wakamtafutia mganga. Wengine husema ni kudura, wakanyamaza. Kudura twaiamini, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Basi mwenye kujidhuru kwa mkono wake hana hoja ya kuisingizia kudura.

Katika darsa letu tulitaka kuijua asili ya maradhi haya, na mfano ulio karibu nasi tumeuona Ukambani. Kila asafiriye kwenda Nairobi hupita nchi ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, na Kitui imepakana nayo upande wa mashariki. Nchi hizo ni kavu, na chakula cha wazee wake ni isyo, yaani mahindi mazima yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, mbaazi au kunde. Tena mtama, mawele na pojo. Wengi wetu hukiita chakula cha kimaskini.

Lakini mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa matabibu waliowapima Waluo, Wakamba na Wamasai. Kwa watu wa mashamba, wenye maradhi ya sukari walikuwa kama 2 katika kila 100. Kwa watu wa mjini Nairobi walikuwa kama 12. Basi ni nani maskini wa siha?

Sababu yake yafahamika. Nafaka nzima na kunde huchelewa kusagika tumboni, na sukari yake huingia damuni kidogo kidogo. Unga mweupe, sukari na soda huingia kwa ghafula, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi ili kuipokea. Kinachozidi haja ya mwili hugeuzwa mafuta, yakajaa tumboni na ndani ya ini, hata viungo vikaacha kuitii insulini. Hapo sukari hubaki damuni ikaiharibu mishipa. Chumvi nyingi nayo huzidisha maji katika damu, shinikizo likapanda, na moyo ukachoka kwa kusukuma. Samli nyingi na mafuta yaliyorudiwa kukaangiwa huongeza utandu katika mishipa. Utandu huo ukipasuka, damu huganda: ikizibika njia ya moyo ni shtuko la moyo; ikizibika ya ubongo ni kiharusi. Wala hapana shetani hapo.

Wala ndugu zetu wa Ukambani wasidhani wamesalimika, kwani chipsi na soda zimefika Kitui na Wote kama zilivyofika Mombasa. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu.

Nasi twafanya nini? Mwezi tuliofaradhiwa kulizuia tumbo tumeufanya mwezi wa kaimati, sambusa na viazi vya karai. Arusini twashindana kwa masufuria ya biriani, na aliye na deni hukopa tena asije akasemwa. Ilhali Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika kula na kunywa, katika Suratul-Aaraf, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa tumbo likishindwa kutosheka na vitonge vichache, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi.

Nasaha yetu ni nyepesi. Tuzirudishe mbaazi, kunde, pojo na mtama katika sahani zetu, nazi na chumvi zikiwa kwa kadiri. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Tupunguze sukari, tuende kwa miguu tuwezapo, na tupimwe shinikizo la damu kabla hatujaugua. Na mtu akipinda mdomo au mkono ukilegea kwa ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile, kwani kila saa ipitayo kwa mganga ni sehemu ya ubongo iliyokufa.

Mwili huu ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.